Idi Amin na Mashirika Mawili ya Ndege

Katika wilaya ya Busia, upande wa Uganda, kuna eneo liitwalo Bulumbi. Wakazi wake ni wakulima, na wengi wao wana ndugu wa damu ng'ambo ya mpaka, nchini Kenya. Kaskazini yao uko mji wa Tororo, wenye mwamba mkubwa uonekanao kutoka mbali, njia ya reli iendayo Kampala, na kiwanja kidogo cha ndege. Hadi mwaka 1997 Busia yenyewe ilikuwa sehemu ya wilaya ya Tororo. Mtu aweza kuuliza: mahali kama hapa pana uhusiano gani na historia ya mashirika ya ndege? Jibu ni kwamba kila jambo lililoamuliwa Entebbe au Nairobi katika miaka ya 1970 lilifika kwanza hapa mpakani. Ugomvi ulipozuka, hapa ndipo malori ya mafuta yalipokwama. Na watu walipokimbia, hapa ndipo walipopita. Kwa hiyo maisha ya Idi Amin, ambaye alishuhudia kufa kwa shirika moja la ndege na kuzaa jingine, yafaa yasimuliwe kwa kutazamwa kutoka mpaka huu.

Amin alizaliwa yapata mwaka 1925. Wengine husema alizaliwa Koboko, kaskazini-magharibi ya Uganda, na wengine husema ni Kampala. Baba yake alikuwa Mkakwa na mama yake Mlugbara. Elimu yake ya shule ilikuwa ndogo sana. Mwaka 1946 aliingia katika jeshi la wakoloni, King's African Rifles, akaanza kazi akiwa msaidizi wa mpishi. Alikuwa mrefu, mwenye nguvu nyingi, mcheshi mbele ya wakubwa wake, na mtiifu kwa amri. Kwa miaka ipatayo tisa, tangu 1951 hadi 1960, alikuwa bingwa wa ngumi wa Uganda katika uzito wake. Waingereza walimpeleka Kenya wakati wa vita vya Mau Mau, na huko alipanda cheo. Mwaka 1959 akawa efendi, na mwaka 1961 akawa mmoja wa Waganda wawili wa kwanza kupewa cheo cha ofisa. Mwenzake alikuwa Shaban Opolot.

Mapema mwaka 1962, miezi michache kabla ya uhuru wa Uganda, kikosi chake kilipelekwa Turkana kuzuia wizi wa ng'ombe. Baadaye iligunduliwa kwamba raia walikuwa wameteswa na kuuawa. Palikuwa na shauri la kumshitaki, lakini wakubwa walihofia kumfikisha mahakamani mmoja wa maofisa wawili tu Waafrika wakati bendera ya uhuru iko mlangoni. Akaonywa tu. Hapana shaka onyo hilo lilimfunza somo baya, yaani kwamba mtu akihitajiwa na wakubwa, makosa yake husamehewa.

Miaka ile ile ambayo Amin alikuwa akipanda vyeo, nchi za Afrika ya Mashariki zilikuwa na mali moja ya fahari angani. Mali hiyo ilikuwa East African Airways, shirika lililoanza kazi Januari 1946, mwaka ule ule Amin alioingia jeshini. Lilianza na ndege ndogo sita za mabawa mawili-mawili, zenye kuchukua abiria wachache. Lilikuwa mali ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar kwa pamoja, na makao yake yalikuwa Nairobi. Mwaka 1960 lilipata ndege za jeti aina ya Comet kwa safari za London. Mwaka 1966 likapokea ndege kubwa za Super VC10, na baadaye likaongeza DC-9. Safari fupi zilifanywa na Fokker Friendship na Dakota za zamani. Mtu wa Bulumbi na ndugu yake wa ng'ambo ya mpaka walikuwa na bendera mbili na marais wawili, lakini shirika lao la ndege lilikuwa moja.

Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa sahihi Kampala mwezi Juni 1967, uliliweka shirika hilo chini ya Jumuiya. Yafaa tueleze jinsi lilivyofanya kazi, maana humo ndimo ilimokuwa siri ya uhai wake na ya kifo chake. Tiketi ziliuzwa katika nchi zote tatu, na fedha zilizopatikana zilipaswa kupelekwa Nairobi. Kutoka Nairobi zililipwa gharama za mafuta, vipuri, mishahara na madeni ya ndege, na sehemu kubwa ya gharama hizo ilitakiwa kwa fedha za kigeni. Safari za Ulaya na Asia ndizo zilizotarajiwa kuleta fedha. Safari za ndani, kwenda viwanja vidogo vya mikoani, mara nyingi zilikuwa za hasara, lakini zilihesabiwa kuwa huduma kwa wananchi. Juu ya yote hayo walikaa marais watatu, ambao ndio waliokuwa mamlaka kuu ya Jumuiya. Jambo gumu liliposhindikana kwa mawaziri, lilipelekwa kwao. Shirika kama hilo laweza kuruka kwa injini nzuri, lakini hudumu kwa kuaminiana.

Tarehe 25 Januari 1971, Rais Milton Obote akiwa Singapore katika mkutano wa Jumuiya ya Madola, Amin alitwaa serikali. Ndege iliyomrudisha Obote ilimfikisha Nairobi, na kutoka hapo akaenda kupata hifadhi Dar es Salaam. Mitaa ya Kampala ilijaa shangwe, na mataifa kadhaa ya kigeni yalifurahi. Mwalimu Nyerere alikataa kumtambua mtawala mpya na alikataa kuketi naye meza moja. Tangu siku hiyo marais watatu hawakukutana tena kama mamlaka ya Jumuiya. Shirika la ndege likaendelea kuruka, lakini kiti cha wakubwa wake kilikuwa kitupu.

Mwaka 1972 ulionyesha jinsi ndege za Jumuiya zilivyoweza kuingizwa katika ugomvi. Mwezi Aprili shirika lilipata msiba wake mkubwa: Super VC10 moja ilianguka ilipokuwa ikijaribu kuondoka Addis Ababa, na watu 43 wakafa. Mwezi Agosti Amin alitangaza kwamba Waasia wenye uraia wa Uingereza, kisha na wengine, waondoke Uganda katika muda wa siku tisini. Entebbe ikajaa watu wenye masanduku. Ndege za Uingereza na za East African Airways zilishiriki kuwachukua. Waliokwenda Bara Hindi kwa meli walipelekwa Mombasa kwa garimoshi, wakipita Tororo na kuvuka mpaka wakiwa wamenyang'anywa karibu kila kitu. Zaidi ya watu 27,000 walipokewa Uingereza, na maelfu wengine Kanada, India na kwingineko. Maduka yao, viwanda vyao na nyumba zao viligawiwa kwa maofisa na wapendwa wa serikali. Bidhaa zilipokwisha rafuni, wengi wa wenye maduka wapya hawakujua zilikotoka.

Mwezi Septemba mwaka huo huo wafuasi wa Obote walipanga kurudi kwa silaha. Katika mpango wao, ndege ya DC-9 ya East African Airways ilichukuliwa Dar es Salaam ili ikapakie makomando Kilimanjaro na kuwashusha Entebbe. Ilipotua Kilimanjaro magurudumu yake yalipasuka, na safari ikaishia hapo. Waliovuka kwa nchi kavu huko Mutukula walishindwa. Amin akalipiza kisasi kwa kumwaga damu ya wengi aliowashuku. Mwezi Oktoba Tanzania na Uganda zilipatana Mogadishu, lakini chuki ilibaki. Tukio la DC-9 ile halikosi kutufundisha jambo. Ndege iliyokuwa mali ya mataifa matatu ilikuwa imekusudiwa kutumiwa kumwangusha mtawala wa mojawapo. Kuaminiana kulikuwa kumekwisha kuharibika, na hakukuharibiwa na mkono mmoja tu.

Amin mwenyewe alipenda ndege. Alikuwa amepata mafunzo kwa Waisraeli, akivaa kifuani mabawa ya askari wa miavuli. Kisha mwaka 1972 akawafukuza na kugeukia Libya, na Urusi ikampa ndege za vita za MiG. Alijipatia ndege ya rais ya kifahari aina ya Gulfstream. Mwaka 1973 alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, jambo ambalo wapenzi wa lugha hii wangelisifu lau lisingalitoka katika kinywa cha serikali iliyokuwa ikiua watu. Kwa wanavijiji wengi, Kiswahili kikawa lugha ya askari wa vizuizi vya barabarani. Mwaka 1975 alikuwa mwenyekiti wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na wakuu wa nchi wakatua Entebbe na kupokewa kwa ngoma.

Mwezi Februari 1976 alidai kwamba sehemu kubwa ya Kenya ya magharibi ilikuwa mali ya Uganda. Madai hayo yaliegemea ukweli kwamba hadi mwaka 1902 mkoa wa mashariki wa Uganda ulifika mpaka Bonde la Ufa, kabla Waingereza hawajausogeza mpaka. Watu wa Busia ya pande zote mbili walijikuta wamekuwa hoja ya hotuba. Wakenya waliandamana, na wafanyakazi wa bandari ya Mombasa walikataa kushughulikia mizigo ya Uganda. Amin alilegeza maneno yake, lakini mbegu ilikuwa imekwisha pandwa.

Mwezi Mei mwaka huo iliundwa Uganda Airlines. Kwa sheria ilikuwa mali ya taifa chini ya Shirika la Maendeleo la Uganda. Kila nchi huru ina haki ya kuwa na shirika lake la ndege, na kwa kuwa nyumba ya pamoja ilikuwa inavuja, si ajabu mtu kujitengenezea kibanda. Lakini shirika hilo lilizaliwa katika nchi ambayo watawala wake hawakutofautisha mfuko wa taifa na mfuko wao.

Kabla halijapata nguvu, uwanja wake uligeuka kuwa uwanja wa vita. Tarehe 28 Juni 1976 ndege ya Air France iliyotekwa nyara ilitua Entebbe. Abiria waliwekwa katika jengo la zamani la uwanja, na Amin akawa akienda kuwatembelea kama mwenyeji wao. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai makomando wa Israel walitua kwa ndege za Hercules, wakawakomboa mateka 102, na kuteketeza MiG kadhaa zilizokuwa zimeegeshwa. Mateka watatu na kamanda mmoja wa Israel waliuawa katika shambulio hilo, pamoja na askari wengi wa Uganda. Mama mzee aliyekuwa amepelekwa hospitali Kampala aliuawa baadaye. Kwa kuwa ndege za Israel zilijaza mafuta Nairobi, hasira ya Amin iliwaangukia Wakenya waliokuwa wakiishi Uganda. Wengi waliuawa, na maelfu wakakimbia, wakirudi kwao kwa njia za Busia na Malaba. Kenya nayo ikazuia mafuta yasivuke mpaka hadi yalipwe. Ilikuwa mwezi Agosti ndipo mapatano yalipopatikana na magari yakaanza tena kupita.

Hali ikiwa hiyo, East African Airways ilikuwa ikihesabu siku zake. Ni haki kusema kwamba Amin hakuliua peke yake. Kenya ililalamika kwamba wenzake hawapeleki fedha Nairobi. Tanzania ililalamika kwamba safari zake za ndani zinapuuzwa na kwamba faida ya ushirika inabaki upande mmoja. Madeni yaliongezeka, na hapakuwa na kikao cha marais watatu cha kukata shauri. Hapo ndipo penye lawama ya Amin. Alikuwa amekifanya kikao hicho kisiwezekane, na mwenye nyumba wawili waliobaki hawakutafuta njia nyingine ya kuketi. Mwishoni mwa Januari na mwanzoni mwa Februari 1977 ndege za shirika zilikoma kuruka. Tarehe 4 Februari Kenya Airways ilianza safari zake, na siku hiyo hiyo Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Mwezi Machi likaundwa Shirika la Ndege la Tanzania. Uganda Airlines nayo ikaanza kazi mwaka huo kwa ndege chache. Kufikia katikati ya mwaka Jumuiya nzima ilikuwa imevunjika.

Februari hiyo hiyo Tororo ilikuwa na hofu nyingine. Nyumba ya Askofu Yona Okoth wa Bukedi, ambaye makao yake yalikuwa hapo, ilipekuliwa kwa kisingizio cha kutafuta silaha. Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyethubutu kumwandikia Amin kupinga mauaji, alikamatwa na kuuawa tarehe 16. Okoth alifaulu kukimbilia Kenya. Mpaka ambao serikali ziliugombania uliwaokoa wengi walioujua kwa miguu.

Katika miaka miwili iliyofuata, kazi za ndege za Uganda zilionyesha hali halisi ya utawala. Bei ya kahawa duniani ilikuwa imepanda sana baada ya baridi kali kuharibu mashamba ya Brazil mwaka 1975, na kahawa ndiyo iliyokuwa tegemeo la Uganda. Sehemu ya kahawa hiyo ilisafirishwa kwa ndege. Boeing 707 na Hercules ya mizigo zilikwenda uwanja wa Stansted, Uingereza, na kurudi zimejaa wiski, nguo, redio na vipuri vya magari kwa ajili ya maofisa wa jeshi, ili wabaki watiifu. Safari hizo zilijulikana kwa jina la kinywaji. Huku mkulima akikosa sabuni na chumvi, chupa zilikuwa zikishushwa Entebbe. Si ajabu basi kwamba mpakani magendo yalistawi; mwenye gunia la kahawa alilivusha usiku kwenda Kenya, akarudi na sabuni, chumvi na sukari, akihatarisha maisha yake mbele ya risasi za askari wa doria.

Mwisho ulianza tarehe 30 Oktoba 1978, majeshi ya Amin yalipoivamia Kagera. Watanzania, ambao tangu hapo hawakumwita kwa jina jingine ila nduli, waliyarudisha nyuma, na mwanzoni mwa 1979 wakavuka mpaka wakiwa pamoja na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni. Mwezi Machi, wapiganaji waliotokea upande wa Kenya waliungana na askari walioasi na kuushika mji wa Tororo kwa siku chache, kabla wafuasi wa Amin hawajaurudisha. Tarehe 7 Aprili Entebbe ilitekwa. Boeing 707 ya Uganda Airlines ilikuwa imeharibiwa uwanjani hapo katika mapigano. Tarehe 11 Kampala ikaanguka. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba watu wapatao 300,000 waliuawa katika miaka minane ya utawala wake.

Amin alitoroka hadi Libya, kisha akapewa hifadhi Saudi Arabia. Mwezi Januari 1989 alijaribu kurudi. Alipanda ndege kwa pasipoti isiyo yake, akafika Kinshasa, akatambuliwa na kukamatwa. Alirudishwa alikotoka. Aliyewapa watu siku tisini waondoke nchini naye akawa abiria asiyetakiwa. Alifariki Jeddah tarehe 16 Agosti 2003, akazikwa huko huko, bila ya kufikishwa mbele ya mahakama yoyote.

Mashirika aliyoyagusa nayo yana mwisho wake. Mali na madeni ya Jumuiya viligawanywa kwa mapatano yaliyotiwa sahihi Arusha mwezi Mei 1984, na wafanyakazi wa zamani, wakiwemo wa ndege, waliendelea kudai mafao yao kwa miaka mingi baadaye. Baadhi walikufa wakidai. Uganda Airlines iliendelea kwa tabu. Tarehe 17 Oktoba 1988 Boeing 707 yake ilianguka Roma katika ukungu, watu 33 wakafa kati ya 52. Mwaka 2001 shirika likafungwa. Likafufuliwa baadaye, na tarehe 28 Agosti 2019 ndege yake ya kwanza ya abiria iliondoka Entebbe, ikaenda Nairobi, mji ule ule ambao zamani ulikuwa makao ya shirika la wote.

Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ilianza upya kwa mkataba wa mwaka 1999, lakini shirika la ndege la pamoja halikurudi. Kenya, Uganda na Tanzania kila nchi ina lake, na kila moja huulizana na wananchi wake juu ya hasara na faida. Mkazi wa Bulumbi atakaye kusafiri huchagua kwenda Entebbe au kuvuka mpaka kwenda Kisumu, kwa kadiri ya nauli. Kwake yeye swali la maana si rangi zilizopakwa mkiani. Anataka kujua kama hesabu za ndege hiyo ziko wazi, kama mwenye nguvu hawezi kuigeuza kuwa gari la mizigo yake, na kama majirani wanaoitumia bado wanaweza kuketi meza moja wanapogombana. Maisha ya Idi Amin yanatukumbusha kwamba vitu hivyo vitatu vikikosekana, hata ndege nzima na rubani hodari haviwezi kuliokoa shirika.